Cron inaacha bakapu ya baiti 20 kila usiku, ila nikiiendesha kwa mkono inakubali

stoo_mwanza

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada, bosi ameshaanza kuniuliza maswali na majibu sina.

Niko duka la jumla la dawa hapa Mwanza. Kazi yangu ni stoo, cheti changu ni cha famasia. Jamaa aliyetufungia mfumo wa mauzo alipoondoka, seva ikaniangukia mimi kwa sababu ndiye pekee dukani niliyewahi kufungua teminali. Seva ni ya kukodi, iko Ulaya, ni Ubuntu, na mfumo unaendeshwa na XAMPP (kifurushi chenye seva ya wavuti na hifadhidata) humo humo. Msinicheke, nimeikuta hivyo.

Nataka kila usiku saa nane cron (programu inayoendesha kazi zenyewe kwa saa iliyopangwa) inakili hifadhidata, iibane, iiweke kwenye folda. Nimeandika hii:

```
#!/bin/sh
SIKU=$(date +%F)
mysqldump dawa | gzip > /home/stoo/bakapu/dawa-$SIKU.sql.gz
```

Na kwenye crontab, orodha ya kazi za cron:

```
0 2 * * * /home/stoo/nakala.sh
```

Nikiandika `./nakala.sh` mwenyewe mchana, linatoka faili la megabaiti 40 hivi. Cron ikiendesha, nakuta hili:

```
-rwxrwxrwx 1 stoo stoo 20 Mar 11 02:00 dawa-2025-03-11.sql.gz
```

Jina sawa, tarehe sawa, ndani patupu. Kosa halionekani popote. Nimefungua ruhusa zote 777, haikusaidia. Nikajaribu na `sudo crontab -e` nikidhani root (mtumiaji mkuu wa mfumo) ataweza, vile vile baiti 20. Paswedi ya hifadhidata iko kwenye `~/.my.cnf`, kwa hiyo haiulizi kitu. Nimekwama wapi?

mkato

Mkuu tatizo liko wazi, ni hiyo alama ya asilimia. Cron haiitaki, lazima uitangulize mkwaju wa nyuma: `date +\%F`. Badilisha, kesho utakuja kutushukuru.

Bi_Logi

Mkato, la asilimia ni kweli ila halimhusu huyu. Cron inaisumbukia % iliyomo kwenye mstari wa crontab wenyewe: ya kwanza inageuzwa kuwa mwisho wa mstari, na yaliyobaki yanapelekwa kwenye amri kana kwamba mtu ameyachapa. Yeye % yake imo ndani ya skripti, na cron haisomi skripti ya mtu, inaiita tu. Na akiweka huo mkwaju ndani ya skripti, halafu siku moja aizungushie alama za kunukuu, ataanza kupata mafaili ambayo majina yake yana mkwaju kabla ya 2025. Tusimwongezee mzigo.

Mdogo wangu wa stoo, jibu umeshalileta mwenyewe, ni hiyo 20. Andika hivi kwenye teminali uone:

```
printf '' | gzip | wc -c
```

Itakujibu 20. Hicho ndicho gzip, ile inayobana, inachotoa ikipewa hewa: kichwa baiti 10, mwili mtupu baiti 2, mkia baiti 8. Maana yake gzip ilifanya kazi yake sawasawa na faili likaandikwa bila tatizo. Aliyenyamaza ni mysqldump, ile inayonakili hifadhidata. Hivyo ruhusa za faili hazihusiki kabisa, na hiyo 777 irudishe 700 leo hii kabla hujaisahau. Faili lenye bei zenu zote na madeni ya wateja wenu halitakiwi kusomeka na kila mtu aliyemo kwenye seva.

Sasa kwa nini mysqldump inyamaze usiku tu? Cron ni kama kibarua uliyemwamsha usiku wa manane umtume stoo: kazi anaiweza, ila hajui rafu gani ina nini, na hawezi kukuuliza. Wewe ukiingia kwenye seva, `.bashrc` yako (faili la mipangilio ya teminali) inasomwa na njia zote unazozitumia zinawekwa. Cron haisomi `.bashrc`. Inampa mtu HOME yake, inampa `/bin/sh`, na PATH (orodha ya folda za kutafutia programu) yenye folda mbili tu, `/usr/bin` na `/bin`. Programu ikiwa nje ya hizo mbili, kwa cron haipo duniani.

Kabla sijasema zaidi tuletee majibu ya amri hizi nne, kama yalivyo, usiyafupishe:

```
which mysqldump
date
sudo crontab -l
grep CRON /var/log/syslog | tail -4
```

Hiyo ya tatu naiuliza kwa sababu umesema ulijaribu kwa sudo. Hukusema kama uliutoa ule mstari.

stoo_mwanza

Dada asante kwa kunijibu kwa kirefu. Haya hapa:

```
/opt/lampp/bin/mysqldump

Tue Mar 11 08:41:07 UTC 2025

0 2 * * * /home/stoo/nakala.sh

Mar 11 02:00:01 seva CRON[48213]: (stoo) CMD (/home/stoo/nakala.sh)
Mar 11 02:00:01 seva CRON[48214]: (root) CMD (/home/stoo/nakala.sh)
Mar 11 02:00:01 seva CRON[48211]: (CRON) info (No MTA installed, discarding output)
Mar 11 02:00:01 seva CRON[48212]: (CRON) info (No MTA installed, discarding output)
```

Saa ya ukutani hapa ilikuwa saa tano na dakika 41 asubuhi nilipoandika `date`. Kumbe ile ya root bado ipo.

Bi_Logi

Safi sana. Hapo kuna mambo manne na kila moja lina mstari wake.

La kwanza ni PATH, kama nilivyohisi. XAMPP inajiweka `/opt/lampp`, na jamaa wenu bila shaka aliongeza `/opt/lampp/bin` kwenye `.bashrc` akaondoka. Kwako wewe inafanya kazi, kwa cron haifanyi.

La pili ni hiyo "No MTA installed, discarding output". Hapa ndipo kosa lako lilipokuwa linapotelea. Chochote skripti inachokisema, kiwe kilio au salamu, cron hujaribu kumtumia mwenye crontab kwa barua ya ndani ya seva. Seva nyingi za kukodi hazina programu ya kupeleka barua, basi cron inatupa ujumbe na kuandika tu kwamba imetupa. Usiku ule skripti yako ilisema maneno haya hasa, au ya kufanana nayo:

```
/home/stoo/nakala.sh: 3: mysqldump: not found
```

Mstari wa tatu, haikupatikana. Hakuna aliyeyasoma. Kwenye seva za vituo vya afya ninazozihudumia huku Tanga, mstari wa cron usiokuwa na faili lake la logi siupokei, hata ukiwa unafuta tu mafaili ya muda. Ongeza mwishoni `>> /home/stoo/logi/nakala.log 2>&1`, kwa mpangilio huo huo. Ukitanguliza `2>&1` kabla ya jina la faili, makosa yanaendelea kwenda kule kule kwa zamani. Na folda ya `logi` itengeneze kwanza, la sivyo mstari mzima hautaendeshwa.

La tatu, root. Usiku mmoja umeendesha skripti ile ile mara mbili katika sekunde ile ile, zote zinaandika faili moja. Leo hazikugombana kwa sababu zote zilikuwa tupu. PATH ikishatengemaa zitaandika moja juu ya nyingine na utapata faili kubwa lisilofunguka, tena hilo ni baya kuliko la baiti 20 kwa kuwa ukubwa wake unatia moyo. Ingia `sudo crontab -e`, futa mstari huo mmoja. Usiandike `sudo crontab -r`. Hiyo r inafuta crontab nzima bila kuuliza neno, na kwenye kibodi imekaa jirani kabisa na e. Ukitaka kuwa na amani, weka `alias crontab='crontab -i'` kwenye `.bashrc`; hapo angalau itauliza kabla ya kufuta. Ila kwa sudo alias haifiki, huko kidole chako ndicho kinga.

La nne ni saa, nitalirudia chini.

Skripti iandike upya hivi:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
PATH=/opt/lampp/bin:/usr/bin:/bin
umask 077

FOLDA=/home/stoo/bakapu
FAILI="$FOLDA/dawa-$(date +%F).sql.gz"

mysqldump --single-transaction dawa | gzip > "$FAILI.muda"
mv "$FAILI.muda" "$FAILI"

find "$FOLDA" -name 'dawa-*.sql.gz' -mtime +30 -delete
echo "$(date) sawa: $(stat -c %s "$FAILI") baiti"
```

Angalia `pipefail`. Shell ya kawaida, amri zikiunganishwa kwa bomba, inauliza ya mwisho tu: umemaliza salama? gzip ikajibu ndiyo, na mysqldump aliyeanguka mwanzoni hakuulizwa. Kwa `pipefail` akianguka mmoja wamelala wote, na kwa `-e` skripti inasimama palepale. Ndiyo maana nimebadilisha na mstari wa kwanza uwe bash.

Kwa nini jina la `.muda`? Ili faili lenye jina kamili liwe limekamilika. Mysqldump ikikatika katikati, `mv` haifikiwi, na wewe asubuhi hudanganyiki.

Na ile `find` inayofuta ya zamani nimeiweka chini makusudi. Wengi huitanguliza juu ili kupata nafasi kwenye diski. Sasa piga picha: bakapu zimekuwa tupu mwezi mzima kama zako, na kila usiku skripti inafuta nzima moja iliyotimiza siku zake. Mwisho wa mwezi una folda iliyojaa baiti 20.

Hiyo `--single-transaction` inaifanya mysqldump isome hifadhidata kama ilivyokuwa wakati inaanza, bila kufunga meza, hata kama kuna mtu anauza. Inafaa kwa meza za aina ya InnoDB. Kama mfumo wenu ni wa zamani na meza zake ni MyISAM, haikupi hakikisho hilo. Itabidi unakili wakati hakuna anayeuza.

Usisubiri usiku kujaribu. Mwigize cron mchana:

```
env -i HOME=/home/stoo PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c '/home/stoo/nakala.sh'
```

Ikikubali hapo, na usiku itakubali.

pwani_kali

Salamu kutoka Mombasa. Bi_Logi amemaliza, mimi naongezea hiyo ya saa ambayo aliahidi kuirudia. Ndugu, seva yako iko UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu. Wewe uliandika 2 ukimaanisha saa nane usiku, na ni kweli 02:00 ndiyo saa nane usiku, lakini ni saa nane usiku ya seva. Kwetu sisi hapo ni saa kumi na moja alfajiri. Dawa yake ni amri mbili:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron
```

Hiyo ya pili usiiruke, cron inaweza kuendelea na saa ya zamani hadi uiwashe upya. Ukimaliza, andika saa kama unavyozijua.

Bi_Logi

Kaka wa Mombasa, kwenye seva mpya ningekubaliana nawe. Kwenye seva ya watu iliyo kazini naogopa. Hifadhidata kwa kawaida inafuata saa ya mfumo. Siku watakapoiwasha upya XAMPP, `NOW()` itaruka masaa matatu mbele, na kama aliyeandika mfumo alikuwa ameshaongeza masaa matatu ndani ya kodi yake ili risiti zisome vizuri, na wengi hufanya hivyo, basi risiti za Mwanza zitaanza kusoma saa ambayo haijafika.

Mimi ningeiacha UTC na kuhesabu. Tanzania ni UTC+3 mwaka mzima, hatusogezi saa kwa majira kama Ulaya, kwa hiyo ukihesabu mara moja umemaliza. Saa nane usiku ya Mwanza ni 02:00, toa tatu, ni 23:00 ya jana yake:

```
0 23 * * * /home/stoo/nakala.sh >> /home/stoo/logi/nakala.log 2>&1
```

Matokeo yake ujue mapema: faili litakalotengenezwa usiku wa kuamkia tarehe 13 litaitwa la tarehe 12. Kwangu hiyo ni nzuri, maana mauzo yaliyomo ni ya tarehe 12. Kama inakukera, ndani ya skripti andika `$(TZ=Africa/Dar_es_Salaam date +%F)`.

Mtu asije akakwambia uandike `CRON_TZ` juu ya crontab. Kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat inafanya kazi. Cron ya Debian na Ubuntu imetokana na ile ya Paul Vixie ya mwaka 1987, ina ukaidi wake, na usiitegemee ikuelewe hapo.

mkato

Sawa Bi_Logi nimekupata kwa %. Ila mkuu, kwa nini usitumie tu `@daily`? Fupi na inasomeka.

Bi_Logi

`@daily` ni 00:00 ya seva, yaani saa tisa usiku kwetu, na kila aliye mvivu wa kuhesabu ameiweka hapo hapo. Ukiwa na kazi tano zote zinaamka dakika moja. Mimi huandika dakika za ajabu ajabu, 17, 43. Ladha tu.

stoo_mwanza

Wakuu imekubali! Logi ya usiku inasema:

```
Wed Mar 12 23:00:09 UTC 2025 sawa: 41902277 baiti
```

Mstari wa root nimeufuta kwa e, nilitazama kidole mara mbili mbili.

Sasa kuna jingine. Bosi anasema bakapu ikikaa kwenye seva ile ile, seva ikifa imekufa nayo, na kwa hilo yuko sahihi. Kuna kompyuta ya dukani, nayo ni Ubuntu, saa zake ni za hapa. Nimeweka ufunguo wa ssh (wa kuingia kwenye seva bila paswedi) na rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya mashine) inavuta vizuri kwa mkono. Nikaiweka cron ya dukani ivute saa tisa usiku. Haijawahi kuvuta. Nadhani ni kwa sababu duka likifungwa saa tatu usiku mzee anazima swichi kubwa. Na hata mchana umeme unaweza kukatika wakati wowote.

ndugu_taima

Hapo cron umeimaliza, mkuu. Cron haina kumbukumbu: dakika ikipita mashine imezimwa, kazi imepita, haiifidii. Kuna anacron kwa ajili ya hilo, ila kama mashine ni Ubuntu ya karibuni tumia taima za systemd (programu inayosimamia huduma za mashine), zina mambo mazuri. Mafaili mawili. La kwanza `/etc/systemd/system/vuta.service`:

```
[Unit]
Description=Kuvuta bakapu kutoka seva
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Type=oneshot
User=stoo
ExecStart=/home/stoo/vuta.sh
Restart=on-failure
RestartSec=5min
```

La pili `/etc/systemd/system/vuta.timer`:

```
[Unit]
Description=Kila asubuhi

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 08:15
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now vuta.timer
systemctl list-timers
```

Uzito wote uko kwenye `Persistent=true`. Umeme ukikatika saa mbili na robo, yaani ikifika 08:15 hakuna umeme, mashine ikiwaka saa nne itaona imepitwa na itaendesha palepale. Zikipita siku tatu za sikukuu itaendesha mara moja tu, si mara tatu. Na ile `Restart` ni kwa modemu: kompyuta huwaka kabla modemu haijapata mtandao, kwa hiyo jaribio la kwanza litaanguka, dakika tano baadaye linarudiwa. Logi unaisoma kwa `journalctl -u vuta`, hakuna cha MTA wala nini.

Bi_Logi

Nakubali, na mimi ni mtu wa cron. Kwenye mashine inayozimwa, taima ndiyo yenyewe. Na usihangaike na saa tisa usiku; faili liko tayari tangu saa nane, asubuhi inatosha.

Tuone basi `vuta.sh` yako isije ikawa inasubiri paswedi gizani. Iwe hivi:

```
#!/bin/bash
set -eu
rsync -a --exclude='*.muda' \
  -e 'ssh -i /home/stoo/.ssh/vuta -o BatchMode=yes' \
  stoo@ANWANI_YA_SEVA:bakapu/ /home/stoo/bakapu/
```

`BatchMode=yes` inaiambia ssh: kama ufunguo haukubaliki, anguka, usiulize. Bila hiyo kazi inaweza kuning'inia. Ufunguo huo uwe wa kazi hii tu, usio na paswedi, tofauti na ule unaoingilia wewe.

`--delete` sijaiweka, na usiiweke. Mtu akivamia seva akafuta folda, rsync yenye `--delete` itakuja dukani kumalizia kazi yake kwa utiifu wote. Kufuta za zamani dukani kufanyike na kompyuta ya dukani yenyewe.

Na `-a` inahifadhi saa halisi ya faili kutoka kwenye seva. Utaihitaji chini.

pwani_kali

Kwa kuwa tuko kwenye mada, nami nina langu. Nataka ripoti itoke Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na mbili asubuhi. Niliandika `0 6 1-7 * 1`, tarehe moja hadi saba, siku ya Jumatatu. Inatoka kila siku wiki ya kwanza, halafu inatoka tena kila Jumatatu. Wateja wanadhani tumerukwa na akili.

Bi_Logi

Cron inafanya ilivyoandikiwa. Ukijaza siku ya mwezi na siku ya wiki zote mbili, kwake ni "au", si "na". Tarehe 1 hadi 7, au Jumatatu yoyote. Acha moja iwe nyota, hiyo nyingine iulize mwenyewe:

```
0 6 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 1 ] && /home/kazi/ripoti.sh
```

`%u` inatoa 1 kwa Jumatatu. Na hapa, Mkato, ndipo ule mkwaju wako unapodaiwa, kwa sababu alama imo kwenye mstari wa crontab wenyewe.

ndugu_taima

Kwenye systemd ni `OnCalendar=Mon *-*-01..07 06:00` basi, kule ni "na". Ukiwa na shaka andika `systemd-analyze calendar 'Mon *-*-01..07 06:00'` itakwambia ni lini itaendeshwa tena.

stoo_mwanza

Mmenisaidia sana, na taima imevuta. La mwisho kabisa: nitajuaje ikija kukwama tena? Siwezi kufungua logi kila siku, na safari hii niliona kwa bahati tu.

Bi_Logi

Kazi ikifa haiwezi kukutumia ujumbe kwamba imekufa, kwa hiyo anayeangalia awe mwingine. Kwako ni kompyuta ya dukani, ambayo umesema teminali unaifungua. Weka hii mwisho wa `.bashrc` ya huko:

```
find ~/bakapu -name 'dawa-*.sql.gz' -mtime -2 -size +30M | grep -q . \
  || echo "* HAKUNA BAKAPU NZIMA YA SIKU MBILI HIZI *"
```

Inatafuta faili la ndani ya masaa 48, kubwa kuliko megabaiti 30. Lisipokuwepo inapiga kelele. Ndiyo maana nilisisitiza `-a`: bila hiyo kila faili lingebeba saa ya kuvutwa, na la zamani lingeonekana jipya. Hiyo 30 ipandishe kadiri hifadhidata inavyokua.

Halafu mara moja kwa mwezi rudisha moja, hapo dukani, kwa jina jingine:

```
zcat dawa-2025-03-12.sql.gz | tail -1
mysql -e 'CREATE DATABASE dawa_jaribio'
zcat dawa-2025-03-12.sql.gz | mysql dawa_jaribio
```

Ya kwanza ikupe mstari unaoanza na `-- Dump completed on`. Usipouona, nakala ilikatika njiani. Ukiuona endelea, kisha fungua meza ya mauzo na utafute risiti ya mwisho ya siku hiyo, ulinganishe na kitabu cha dukani. Kama skripti yako inabaki bila `--databases`, nakala haibebi jina la hifadhidata ndani yake, kwa hiyo haiwezi kuangukia juu ya ile halisi. Ila soma jina la seva kwenye teminali kabla ya kubonyeza Enter, na mstari wa mwisho uendeshe ukiwa dukani, si kule Ulaya.